Karatasi ya yuniti inasema mwanangu atasoma "kwa hatua". Nitie saini?

"Assalaam alaykum mwalimu. Nina mtoto wa kiume wa miaka 11, yuko kwenye yuniti ya watoto wenye mahitaji maalum, ndani ya shule ya msingi hapa Amu (Lamu). Ana sindromu ya Down, tuliambiwa tangu alipozaliwa. Maneno yake ni machache, lakini ukimtuma kwa muuza duka jirani na shilingi 20 huleta alichotumwa. Juma lililopita tuliletewa karatasi: muhula ujao yuniti itapangwa kwa hatua, si kwa gredi, kila mtoto atafanyiwa tathmini upya, wengine watakuwa wakiingia madarasa ya kawaida kwa baadhi ya vipindi, na hawa wa hatua hawatafanya KPSEA ya Gredi ya 6. Tena mwalimu mmoja kati ya wawili amehamishwa. Shemeji yangu asema hii ni njia ya kuwatupa watoto. Mama mkwe aona heri nimtoe abaki chuoni tu, yaani madrasa. Kuna jamaa yetu Mombasa ataka nimpeleke bweni huko. Na hiyo tathmini naiogopa, naambiwa jina likishaandikwa serikalini halifutiki. Nitie saini au nisitie?"

Wa alaykumu salaam, dada yangu.

Karatasi uliyoletewa imefunga mambo matatu pamoja, na shemeji ametazama moja akayahukumu yote. Kuna kusoma kwa hatua, kuna kuingia madarasa ya kawaida, na kuna tathmini. Juu ya hayo yamekuja ya nyumbani: chuo na bweni. Nianze na saini, maana naona ndiyo inayokukosesha usingizi. Kwenye tathmini mpeleke, tena usichelewe. Lakini kukubali mahali alipopangiwa, ngoja kwanza uone karatasi nyingine, ambayo tangazo lenu halikuitaja kabisa. Nitaifikia.

Kusoma kwa hatua hakukubuniwa Amu, wala si amri ya mwalimu mkuu wenu. Mtaala wa umilisi, huu wa CBC ulioanza nchi nzima mwaka 2019, uliwekewa njia mbili za mtoto mwenye mahitaji maalum. Njia ya kwanza huenda kwa umri. Mtoto hupanda gredi baada ya gredi kama wenzake, ila hurekebishiwa vifaa au namna ya kufundishwa. Asiyeona, kwa mfano, hupewa maandishi ya nukta nundu, na somo likabaki lile lile. Njia ya pili ni ya hatua. Hii ni ya watoto ambao hata ukiwarekebishia vifaa, maudhui ya gredi yenyewe bado hayawafai: wenye ulemavu wa akili, wenye usonji mzito, wasioona na wasiosikia kwa pamoja, na wenye ulemavu zaidi ya mmoja. Hatua zenyewe ni nne: ya msingi, ya kati, ya kabla ya ufundi, na ya ufundi. Hatua ya msingi hushughulika na mawasiliano, kujihudumia, kutumia mikono na viungo, na mwanzo wa hesabu na kusoma. Kadiri anavyopanda, masomo huelekea kwenye kazi za mikono na maisha ya kujitegemea.

Kwa hiyo mwanao hajashushwa. Nimeingia yuniti ambazo mtoto ameandikwa Gredi ya 4 kwenye rejista, mkobani ana kitabu cha Gredi ya 4, na kutwa nzima anafundishwa rangi. Kila Januari anapandishwa jina, kitabu kinazidi unene, na yeye yuko pale pale. Kwa hatua, mtoto hapandi mpaka mwalimu aonyeshe, kwa kazi zake zilizohifadhiwa kwenye faili, kwamba leo anaweza alichokuwa hawezi.

Lakini shemeji naye hana hofu ya bure. Gredi ina mwaka wake, ukiisha umeisha. Hatua haina muda. Mtoto anaweza kuachwa hatua ya msingi miaka na miaka, akipanga vifuniko vya chupa kwa rangi, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza amefika wapi. Hapo ndipo watoto wanapotupwa, na hutupwa kwa upole, bila kelele, huku wakifika shuleni kila siku na sare safi. Dawa yake ni ile karatasi ninayoizungushia maneno.

Kuhusu KPSEA, usilie. Tathmini hiyo ya mwisho wa Gredi ya 6, iliyofanywa mara ya kwanza mwaka 2022, si ya kufaulu na kufeli, wala si kama KCPE, ule mtihani wa darasa la nane tuliouzoea. Baraza la mitihani, KNEC, lina tathmini ya watoto walio hatua ya kati, inaitwa KILEA, na hupima mambo wanayofundishwa wao kwa kuwapa kazi za kufanya kwa vitendo. Mtoto aliyefundishwa kununua, kupika chai na kuvaa shati lenye vifungo hana faida yoyote kuwekwa mbele ya maswali ya kuchagua A, B, C au D. La kuuliza shuleni ni hili: mwanangu yuko hatua ya msingi au ya kati? Kama bado ni ya msingi, ni mambo gani yanayomzuia kuvuka? Mwalimu akikujibu "bado hajawa tayari" halafu akanyamaza, hajakujibu.

Sasa tuzungumze habari za mtoto mwenyewe, maana bila hizo mpango wowote ni wino tu.

Sindromu ya Down hutokea mtoto anapopata kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, tangu mimba kutungwa. Hakuna ulichokula, hakuna jicho la mtu. Kwa mwalimu, yako mambo mawili yanayotokana na hali hiyo ambayo ni lazima ayajue. Kwanza, wengi wao huelewa zaidi ya wanavyoweza kusema. Mtu akiwapima kwa maneno yatokayo kinywani, atawaweka chini ya walipo. Wako huyu anayepokea agizo, akalishika njiani, akatoa pesa na kurudi na kitu sahihi, amefanya kazi nne bila kusema neno. Pili, kukumbuka kwa sikio huwa kuna udhaifu, kukumbuka kwa jicho kuna nguvu zaidi. Mwalimu akisimama ubaoni akaeleza kwa mdomo, mtoto ameshampoteza kwenye sentensi ya pili. Akimwonyesha picha, kitu chenyewe, au ishara ya mkono pamoja na neno, anashika. Na usimsikilize anayekwambia ishara zitamfanya asiseme kabisa. Ishara hupunguza hasira ya kutoeleweka, na maneno huja juu yake.

Hapo hapo pana jambo ambalo nalikuta limesahauliwa mara nyingi mno: masikio. Watoto hawa wana mirija myembamba ya sikio, na majimaji hujikusanya nyuma ya kiwambo bila maumivu wala usaha. Mtoto husikia leo, kesho asisikie vizuri. Darasani ataitwa mkaidi au mzito, na kumbe sauti inamfikia kama ya mtu anayezungumza chumba cha pili. Kabla ya yeyote kuamua mwanao ni wa hatua gani, apimwe masikio na macho. Hili lisemee kwa nguvu siku ya tathmini. Wasipokuwa na kipimo, nenda naye hospitali ya King Fahd, uulize kama wanapima hapo au watakuandikia rufaa.

Nikuonyeshe kufundishwa kwa hatua kunavyokuwa kunapofanywa sawasawa. Tuchukue udhu, kwa kuwa mafunzo ya dini na ya kujihudumia yamo katika mtaala wao, na kwa kuwa mama mkwe atafurahi. Mwalimu asiyejua atasema "nenda ukatawadhe" halafu amkemee. Mwalimu anayejua ataukata udhu vipande: kukunja mikono ya kanzu, kufungua mfereji, viganja, kusukutua, pua, uso, na kuendelea mpaka mguu wa kushoto. Atapiga picha kila kipande, azibandike kwa mpangilio ukutani kwenye mfereji, usawa wa macho ya mtoto. Halafu ataanza kufundisha kwa mwisho. Atafanya naye vyote, mkono juu ya mkono, kisha kipande cha mwisho, mguu wa kushoto, atamwachia aoshe mwenyewe amalize. Mtoto anamaliza kazi, anasifiwa, anaondoka na ushindi. Akizoea, anaachiwa miguu miwili. Baadaye na kichwa. Kila siku msaada unarudi nyuma kidogo. Ukiwa unasaidia mwanzo wa kazi na kumwacha akwame katikati, kila siku anamaliza kwa kushindwa, na wiki ya pili hataki hata kusikia maji.

Namna hiyo hiyo ndiyo atakavyofundishwa kufunga viatu, kuhesabu chenji, na akiwa mkubwa, kushona kofia au kusuka ukili. Kazi hizo za mikono tunazo Amu na soko lipo, sijui kwa nini yuniti nyingi bado zinaishia kwenye ushanga.

Sasa ile karatasi. Inaitwa IEP, mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja. Huandikwa baada ya tathmini, na wewe mzazi huwa mezani, si nje kwenye benchi. Humo kunatajwa anachoweza sasa, anachofundishwa muhula huu, kwa vifaa gani, na nani, na itajulikanaje kuwa ameweza. Kuna mipango miwili utakayoonyeshwa. Mmoja utasema "ataboresha mawasiliano na usafi". Huo urudishe kwa adabu. Mwingine utasema "kufikia mwisho wa muhula, atatawadha kwa kufuata picha, akisaidiwa vipande viwili tu, siku nne kati ya tano za shule". Huo unaweza kuukagua wewe mwenyewe nyumbani, hata kama hukusoma ualimu. Malengo matatu au manne kama hayo yanatosha kwa muhula. Ukipewa kumi na tano, hakuna atakayeyafuata. Tia saini ukishaiona IEP, na uombe nakala.

Kuhusu kuingia madarasa ya kawaida, mimi napenda, na ninaogopa. Sera ya mwaka 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu iliuelekeza mfumo wetu kwenye elimu jumuishi, lakini haikufunga shule maalum wala yuniti, na inatambua hata mtoto anayefundishiwa nyumbani. Kwa mtoto kama wako faida ni kubwa: anasikia lugha ya wenzake, anajifunza kungoja zamu, na watoto wa mtaa wanamzoea kwa jina. Hofu yangu ni ile ya kukaa kitako darasa la watoto wengi, nyuma karibu na mlango, mwalimu hana habari naye. Na nyinyi sasa mmebaki na mwalimu mmoja wa yuniti. Akiwa na watoto yunitini, nani ataingia na mwanao darasa la kawaida? Uliza hilo kabla ya jingine lolote. Uliza ni vipindi gani. Michezo, sanaa, muziki na dini ni pazuri pa kuanzia. Hesabu za Gredi ya 5 hapana. Uliza mtoto atasindikizwa msalani na nani, na ikiwa shule haina ukuta upande wa pwani, nani anayemtazama wakati wa mapumziko. Haya si maswali ya kukera watu. Mwalimu mwema ataona umemsaidia kudai.

Kudai kwenyewe kuna njia yake. Mwalimu aliyehamishwa ni wa TSC, tume inayoajiri walimu. Mwakilishi wadi hawezi kukuletea mwingine, hata akikuahidi mbele ya watu, kwa kuwa kaunti inashughulikia chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, si walimu wa shule za msingi. Wazazi wa yuniti andikeni barua moja kupitia bodi ya shule na mwalimu mkuu kwenda kwa mkurugenzi wa TSC wa kaunti, mkitaja idadi ya watoto, aina za ulemavu, na kwamba mwalimu amebaki mmoja.

Tathmini unayoiogopa ni ya kituo cha EARC, kituo cha kupima watoto kwa ajili ya elimu. Vituo hivi vilianza nchini mwaka 1984, na maafisa wake ni walimu waliosomea kupima watoto. Watakuuliza habari za mimba, kuzaliwa, kutembea, kusema. Watamtazama akicheza na kufanya kazi ndogo ndogo. Watapendekeza njia na vifaa. Ripoti hiyo ni ya elimu. Haimwandiki mtoto mwendawazimu, na haimfungi: mtoto hupimwa tena anapokua, na mapendekezo hubadilika. Taarifa zake za afya zinalindwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, hazipaswi kusomwa mkutanoni wala kutumwa kwenye kundi la simu la wazazi.

Watu huichanganya na kitu kingine, uandikishaji wa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Huo ni wa kupenda kwako, hupitia tathmini ya madaktari wa hospitali ya serikali, na mwisho wake ni kadi. Mimi nakushauri uichukue, maana misaada ya vifaa na ya karo huanzia hapo, na yako malipo ya serikali ya Inua Jamii ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, ingawa si kila mwenye kadi huyapata. Lakini shule haiwezi kumkataa mtoto kwa kukosa kadi. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kuingia taasisi za elimu pamoja na jamii yake.

Siku ya tathmini chukua cheti cha kuzaliwa, kitabu cha kliniki na karatasi zozote za hospitali. Na mwambie nduguye amfuate kwa mbali na simu siku moja anapotumwa dukani, amrekodi. Watoto hawa mbele ya mgeni hufunga kabisa, na dakika mbili za video zitamwonyesha afisa mtoto ambaye mezani hakumwona.

Nije kwa mama mkwe. Chuo asikiache. Ana wenziwe pale, ana salamu, ana adabu, na mkao wa kusoma pamoja kwa sauti unamfaa. Lakini ustadh hana mafunzo ya haya wala hana wajibu wa kuandika mpango, na mwanao bado ana njaa ya mambo ambayo chuo hakifundishi. Ende vyote viwili, kama wenzake wanavyokwenda. Tena mwendee ustadh, mwonyeshe zile picha za udhu. Atumie hizo hizo, mtoto asifundishwe njia mbili.

Bweni la Mombasa ni jambo zito zaidi. Ziko shule nzuri kule, zenye walimu wengi na vifaa ambavyo hapa hatuna. Kwa mtoto kiziwi, kwa mfano, mara nyingi mimi ndiye ninayewasukuma wazazi, maana anahitaji watu wanaozungumza lugha yake ya ishara. Kwa wako nasita. Ni miaka 11, maneno machache: akiumia, akinyimwa chakula au akishikwa vibaya, atamwambiaje mtu? Na wewe utamwona lini, boti mpaka Mokowe upande wa bara, kisha basi kutwa nzima? Anayojifunza sasa ni ya maisha ya hapa, duka hili, mfereji huu, njia hizi za punda. Akijifunzia kwingine, mengi itabidi afundishwe upya akirudi. Ningelifikiria tena akifika umri wa ufundi, kama hapa hapatakuwa na hatua hiyo, na kwa shule uliyoitembelea mwenyewe, ukalala mji ule, ukaona bweni usiku na kujua nani analala na watoto.

Yako mambo yasiyongoja muhula. Akikoroma sana na kuamka amechoka, au akinenepa na kuzubaa kuliko kawaida yake, aonwe na daktari. Tezi ya thairoidi humsumbua mtoto wa Down mara kwa mara, na kipimo cha damu cha kila mwaka ni vizuri awe nacho. Akianza ghafla kupinda shingo, kulalamika shingo inauma, kuyumba akitembea, mikono kulegea, au kujikojolea ilhali aliacha zamani, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na uwaambie ana sindromu ya Down, wamtazame mifupa ya shingo. Mpaka hapo asipigishwe pindu kwenye michezo. Na akibadilika tabia ghafla, akaogopa mtu fulani au kukataa kuvuliwa nguo, usimhoji mbele ya watu. Nenda hospitali kabla saa 72 hazijapita, na piga 116, simu ya msaada kwa watoto, haitozi pesa.

Kama wiki ya tatu ya muhula itafika hujaitwa kuandika IEP, peleka barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa afisa wa elimu maalum wa kaunti ndogo, na yako ibaki na muhuri wa shule.